Nyimbo za Tumbo

Maneno haya, "nyimbo za tumbo," niliyasikia kwa mara ya kwanza darasani, wala sijayasahau mpaka leo. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari katika mji wa Garissa, kando ya Mto Tana. Mwalimu wetu wa fasihi alimtaka kila mmoja wetu asimame, aimbe au aghani utungo wowote alioupokea kwa wazee wake. Wavulana wawili watatu walighani tungo za vita na za sifa za ngamia, wakapigiwa makofi. Kisha akasimama msichana mmoja, mtoto wa wafugaji wa upande wa Modogashe, akaanza kuimba wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba wakati wa kusuka maziwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mikono yake, bila ya yeye mwenyewe kujua, ilikwenda mbele ikarudi nyuma kama kwamba imeshika chombo. Hakufika mwisho. Mwalimu alimkatiza, akamwambia aketi, maana hizo, alisema, ni nyimbo za tumbo, na fasihi ni chakula cha akili. Darasa zima lilicheka. Nakiri kwamba na mimi nilicheka.

Insha hii nimeiandika kukipinga kicheko kile. Wengi wenu, wasomaji wangu, mko darasani sasa kama nilivyokuwa mimi, na huenda kesho au keshokutwa mkaambiwa kwamba wimbo unaohusu maziwa, maji au nafaka hauna haki ya kuketi pamoja na shairi la mapenzi au la vita. Mimi nasema haki hiyo unayo. Na katika nchi kavu za Garissa, Wajir na Mandera, unastahili kuketishwa mbele.

Kwanza na tumjue mshtakiwa, maana si uungwana kumhukumu mtu ambaye hajaitwa barazani. Chombo ambacho mikono ya msichana yule ilikuwa ikikitafuta hewani huitwa haan kwa Kisomali. Husukwa kwa nyuzi za mimea ya nyikani, zikakazwa hata maziwa yasivuje, kisha chombo hufukizwa moshi wa kuni zilizochaguliwa ili maziwa yasiharibike upesi na yapate harufu njema. (Kiswahili kimefanya jambo la kupendeza hapa bila ya kukusudia: chombo husukwa, na maziwa nayo husukwa ndani yake.) Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyoganda hutiwa humo, na mwanamke hukitikisa chombo huku na huku mpaka mafuta yajitenge. Maziwa ya ngamia hayaingii sana katika kazi hii, kwa kuwa mafuta yake ni magumu kujitenga; hayo hunywewa mabichi, au huachwa yachachuke yakawa susa. Kazi ya kusuka ni ndefu na ya kuchosha. Mkono ukienda ovyo, kazi hurefuka zaidi na bega huuma. Mwanamke hana saa ukutani, wala hana mtu wa kumhesabia. Wimbo ndio saa yake, na wimbo ndio mwenziwe.

Ndani ya wimbo huo husema na chombo kama asemavyo na mtu. Hukisifu, hukibembeleza, hukiomba kisimwaibishe. Vivyo hivyo mwanamke atwangaye nafaka husema na kinu. Na hapa ndipo penye jambo ambalo mwalimu wangu, pamoja na elimu yake yote, hakuliona. Yako maneno ambayo mke hawezi kumwambia mumewe uso kwa uso, wala mkaza mwana hawezi kumwambia mama mkwe. Lakini akikiambia kinu, kinu hakikasiriki, na mwenye kusikia husikia. Mume aliyeketi kivulini hupata habari zake zote kutoka kwa mchi: kwamba amekaa safarini mno, kwamba watoto wamelala njaa, kwamba ameoa tena ilhali aliyetangulia hajavishwa. Hakuna awezaye kumshtaki mwanamke kwa kutwanga. Wataalamu waliozikusanya nyimbo za kazi za Wasomali wameeleza wazi desturi hii ya kupitisha malalamiko ndani ya wimbo. Sisi tulioketi darasani tulifundishwa maana ya neno "fumbo" kwa mifano ya mbali, na fumbo lenyewe lilikuwa likitwangwa kila alfajiri nyuma ya nyumba zetu.

Sasa tutoke nyumbani twende kisimani. Ngamia mwenye kiu ya siku nyingi aweza kunywa lita zaidi ya 100 katika muda wa robo saa hivi. Chukueni kalamu mpige hesabu: kundi la ngamia 30 lataka lita 3,000 na ushei, na ndoo ya lita 10 itateremka kisimani na kupanda mara 300. Pale ambapo maji yako chini sana, vijana hupangana mmoja juu ya mwenziwe kutoka shimoni hata juu, wakirushiana ndoo iliyojaa na kurudisha iliyo tupu. Anayekosa mwendo humwaga maji, au humwangushia ndoo ndugu yake aliye chini. Basi mmoja huongoza wimbo na wengine huitikia, na kila neno lina mahali pake ambapo mkono hupokea na mahali ambapo mkono huachia. Hivi ndivyo walivyofanya Wasomali, na hivi ndivyo wafanyavyo Waborana wa Marsabit na wa kusini mwa Ethiopia, ambao visima vyao vimepata kuitwa visima viimbavyo. Ngamia huujua wimbo wa kundi lake. Husogea ukiimbwa. Huko Mandera uko mji uitwao El Wak, na maana ya jina lake ni visima vya Mungu. Watu ambao wamekipa kisima jina kubwa namna hiyo hawawezi kuimba juu ya maji kwa mzaha.

Mtu atasema, "Hayo ni manufaa ya kazi, je, ufundi wa lugha uko wapi?" Swali hili ni zuri, na jawabu lake lipo. Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tumezoea kukitafuta kina mwishoni mwa kipande. Mshairi wa Kisomali hukiweka penginepo: huchagua sauti moja, na katika kila mstari lazima liwemo walau neno moja linaloanza kwa sauti hiyo, tangu mwanzo wa utungo hata mwisho wake. Sheria hii haiwahusu magwiji wa tungo ndefu peke yao. Yule mchunga ngamia aliyevua shati ndani ya kisima, na yule mama aliyeshika haan, nao huifuata. Jaribuni wenyewe kutunga mistari 20 ambayo kila mmoja una neno linaloanza na "d", huku mnarusha ndoo.

Nairudia hoja ya tumbo, maana ndiyo iliyomketisha msichana yule. Hoja hii husema kwamba chakula ni jambo duni, na kwamba utungo ulio juu huinuka mbali nacho. Lakini ni nani kati yenu asiyemjua Fumo Liyongo? Shujaa huyu alipofungwa minyororo gerezani Pate, hakuwa na mkuki wala rafiki wa karibu. Alikuwa na wimbo. Alimwimbia mjakazi Saada ampelekee mama yake habari, na habari yenyewe ilikuwa ni agizo la mkate: mama aoke mkate mzuri, na mwingine wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa aifiche tupa. Walinzi waliula mkate mzuri kwa ulafi wao, wakamtupia mfungwa ule mkavu wa makapi, naye akaikata minyororo yake huku ngoma ikipigwa nje. Muhamadi Kijumwa aliiandika habari hii katika utenzi wake wa mwaka 1913, nasi huisoma kwa heshima kubwa, na ni haki yetu kufanya hivyo. Haya basi: wimbo ule ulihusu nini kama haukuhusu mkate? Kaburi la Liyongo huonyeshwa karibu na Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Mto ni ule ule upitao Garissa. Sielewi ni kwa sheria gani wimbo wa mkate uwe fasihi mtoni chini, na wimbo wa maziwa uwe upuuzi mtoni juu.

Tena, ni nani aliyetuambia kwamba tumbo ni jambo duni? Aghalabu ni mtu aliyeshiba. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa mwaka 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha, na mizoga ya mifugo ililala kando ya njia katika kaunti zote tatu za Kaskazini Mashariki. Katika njaa ya mwaka 2011 kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 katika ardhi ya Garissa, zilipokea watu waliotembea wiki nyingi kutoka Somalia, hata idadi ya waliokuwamo ikapita 400,000. Mbele ya watu hao wote, nani atathubutu kusema kwamba kombe la maziwa si maudhui ya kutosha kwa mshairi?

Wapo wasemao kwamba nyimbo hizi si za Kiswahili, na kwa hiyo hazituhusu katika somo la Kiswahili. Hao nawakumbusha mwaka 1963, ambapo Mwalimu Julius Nyerere, rais mwenye kazi nyingi kuliko sisi sote, alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari. Tulimpongeza, na bado twampongeza. Tulikubali kwamba Kiswahili kina nguvu ya kuzibeba hotuba za Warumi wa kale zilizoandikwa na Mwingereza. Je, nguvu hiyo hiyo haitoshi kumbeba mama wa Modogashe, ambaye mwanawe anaketi katika dawati la tatu kutoka mlangoni? Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini nchini Somalia mwaka 1972, kwa hiyo hata udhuru wa kwamba lugha haiandikiki haupo tena. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kuandika, kisha kutafsiri kwa uaminifu. Kazi hii haimhitaji rais.

Sitaki mnidhanie kwamba napenda kila wimbo unaotaja chakula. Hasha. Ziko nyimbo nyingi zipigwazo leo katika magari na katika maduka, ambazo husifu bia na nyama ya kuchoma kwa sauti kubwa ya kutisha, nami sioni ndani yake hata jina la mbuzi. Chupa imetoka wapi? Haisemwi. Nyama imechungwa na nani? Haiulizwi. Kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi liko soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika ya Mashariki, na kutoka hapo malori huondoka na ng'ombe kuelekea Nairobi na Mombasa. Ng'ombe huyo aliimbiwa alipokuwa akinyweshwa. Akifika mjini huimbiwa tena akiwa juu ya makaa, na kati ya nyimbo mbili hizo moja tu ndiyo iliyomwona akiwa hai. Hizo za mjini, kama mtu anataka kuziita nyimbo za tumbo, mimi sitamzuia, ijapokuwa hata huko mjini mwenye kipaji aweza kukitumia chakula kwa jambo kubwa. Eric Wainaina alipotoa wimbo wake "Nchi ya Kitu Kidogo" mwaka 2001, neno "chai" lilikuwa limekwisha kuwa jina la hongo katika vinywa vya Wakenya wote, naye akalishika kwa vidole viwili akawaonyesha watu uchafu wake. Wimbo ule ulihusu kinywaji, nao uliwakera wakubwa. Kumbe tumbo laweza kusema!

Sasa nafika kwenye hoja ambayo kwa kweli hunisumbua. Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa maji, aliniambia hivi: "Wewe unalilia nyimbo, mimi nimechimba kisima kirefu na kutia pampu, na vijana wale hawarushi ndoo tena. Ungependa warudi shimoni ili wewe upate shairi?" Sikuwa na jawabu la haraka, wala sioni aibu kusema hivyo. Chini ya ardhi ya Habaswein na Dadaab yako maji mengi ya Merti, na pampu huyatoa kwa saa chache kuliko mikono ya kijiji kizima. Mtungi wa plastiki wa rangi ya manjano umechukua mahali pa haan, kwa sababu ni rahisi, ni mwepesi, na husafiri vizuri kwenye gari. Sitamwambia mwanamke yeyote autupe akarudie kusuka nyuzi. Mabega yaliyopumzika ni neema. Lakini angalieni kosa lililojificha katika maneno ya rafiki yangu: ameifanya kazi na wimbo kuwa kitu kimoja, ili moja ikifa na nyingine izikwe. Hakuna leo mfungwa wa Pate anayengoja tupa ndani ya mkate, na hatukuutupa utenzi wa Liyongo kwa sababu hiyo. Tuliuandika kabla haujatoweka. Tofauti ya nyimbo hizi mbili ni kwamba mmoja ulimpata Kijumwa, na mwingine ulimpata mwalimu aliyesema, "Keti."

Dharau ya namna hii si ngeni, wala si ya walimu peke yao. Miaka ya 1940, dereva wa lori aitwaye Abdi Sinimo, wa upande wa Borama, alipoanzisha nyimbo fupi zilizoitwa balwo, wazee wengi na watu wa dini walizilaani kwamba ni upotovu. Nyimbo za kisasa za Wasomali zimeota kutoka katika mbegu ile iliyolaaniwa.

Nitaambiwa pia kwamba nyimbo za asili zina nafasi yake katika Tamasha la Muziki la Kenya, na kwamba wanafunzi huzicheza huko kila mwaka wakiwa wamevaa mavazi mazuri. Ni kweli, na ni jambo jema. Wanawake wa kikundi cha Gargar, wa hapo hapo Garissa, wameimba na kurekodiwa na studio ya Ketebul Music ya Nairobi, na hilo ni jema zaidi. Ila mimi nadai jambo jingine. Katika tamasha wimbo hutazamwa. Mimi nataka usomwe. Nataka maneno yake yaandikwe ubaoni kwa Kisomali na kwa Kiswahili, mwanafunzi aulizwe kwa nini mwimbaji amekiita chombo kwa jina hili na si lile, na kwa nini malalamiko yamewekwa mstari wa nne badala ya wa kwanza, kama anavyoulizwa juu ya shairi lolote. Nataka swali lake litoke katika mtihani. Kitu kisichotahiniwa katika shule zetu, ninyi mwajua kinasomwa kwa bidii gani.

Na kama bado mnadhani kwamba sauti ya mama mwenye mtoto mgongoni ni ndogo mno kwa mambo makubwa, simameni kesho asubuhi wakati bendera inapopandishwa, msikilize. Muziki wa wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1963, umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Wapokomo ni watu wa Mto Tana. Wanamuziki waliopewa kazi ile wangaliweza kumwajiri mtunzi wa ng'ambo. Walikwenda kwa mama wa mtoni, wakamkuta anaimba.

Mwaka uliopita nilikwenda Garissa kwa shughuli zangu, nikapita sokoni mahali wanawake wanapouza maziwa. Mmoja wao alinitazama sana, kisha akaniita kwa jina langu la shule. Alikuwa yule msichana. Mbele yake ilikuwapo mitungi mitatu ya manjano, midomo yake imefukizwa moshi kama desturi, na maziwa ya ngamia ndani. Tuliulizana hali na habari za watoto. Kisha nikajikaza, nikamwambia kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka siku ile, na kwamba nimekuja na daftari, na kama hataona vibaya ningependa kuuandika wimbo wa mama yake.

Alicheka, safari hii yeye. Aliimba taratibu, akingoja kalamu yangu, na mkono wake mmoja ukausukuma mtungi mbele na kuurudisha nyuma, ingawa maziwa yaliyokuwamo hayakuhitaji kusukwa. Tuliandika mistari saba. Mstari wa nane aliuanza akaukosa, akaurudia, akakosa tena. Nikamwuliza unakwendaje.

"Walaal," alisema, "kuanzia hapo palikuwa pa mama, na mama alikufa mwaka ule wa ukame. Mimi nilikuwa namwitikia tu."